Nyumba ni ya Nani?

Swali hili laweza kuonekana la kitoto. Mtu akikuuliza nyumba ile ni ya nani, utamtaja aliyeijenga, au aliyeinunua, au marehemu aliyeiacha, na mazungumzo yataendelea na mambo mengine. Hati iko kabatini kwa jina lake, na kila mpita njia anamjua. Mimi nami nililijibu hivyo kwa miaka zaidi ya 30 bila kusita, mpaka tulipoanza kuikarabati nyumba yetu, na binti mmoja aliyesomea usanifu wa majengo akaniuliza jambo dogo ambalo sikuwa na jibu lake.

Nyumba yenyewe iko Ngamiani, Tanga, katika kiwanja nilichorithi kwa baba yangu. Nyumba ya baba ilikuwa ya miti na udongo, yenye umbo ambalo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Msomaji wa bara atanivumilia nikilieleza: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu unaonyooka toka mlango wa mbele hadi wa nyuma, vyumba vitatu mkono huu na vitatu mkono ule, kisha uwani penye jiko na bomba, na choo kule mwisho kabisa. Nilipoijenga upya kwa matofali ya saruji, kati ya mwaka 1986 na 1989, umbo sikulibadili. Ilikuwa miaka ya shida. Kiwanda cha saruji cha Pongwe kilikuwa kimeanza kazi mwaka 1980, jirani na mji wetu, walakini kwa mwalimu wa shule ya msingi mfuko wa saruji ulikuwa kitu cha kutafutwa kwa siku nyingi na kwa maneno mengi. Mfuko mmoja niliutolea matofali mengi kuliko haki yake, na mchanga niliuchukua ufukoni kwa sababu haukuwa na bei. Chumvi ya mchanga ule haikunisahau. Ilipofika mwaka 2015 lipu ilikuwa ikibanduka kama gamba la nyoka, na nondo za lenta zilikuwa zimevimba kwa kutu hata zege likapasuka. Kila aliyepita barazani alinikumbusha methali ya ufa na ukuta, kana kwamba mimi niliyeifundisha kwa miaka 38 sikupata kuisikia.

Nilikuwa na mpango wangu. Nilikuwa nimeuchora kwa rula katika daftari la hesabu: kubomoa kuta za vyumba viwili vya mbele na kuufunga ukumbi, ili nipate sebule kubwa ya kupokelea wageni. Mwanangu, ambaye ndiye aliyekuwa akichangia sehemu kubwa ya gharama, alishikilia kwamba tusiguse hata tofali moja kabla ya kumpata mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Niliona ni kutupa fedha. Fundi nilikuwa naye, na mchoro nilikuwa nao. Lakini mwenye kutoa fedha hasikilizwi kwa sikio moja, nikakubali.

Binti akaja mwaka 2018. Alikuwa amehitimu Chuo Kikuu cha Ardhi, na baba yake niliwahi kufundisha naye. Aliniamkia kwa heshima zote, akakaribishwa chai, akalitazama daftari langu pole pole bila kucheka. Nilitazamia atoe futi apime. Hakuitoa. Alianza kuuliza. Nani huamka kwanza humu ndani? Mlango upi hufunguliwa kwanza? Jua la saa tisa hupiga chumba gani? Upepo wa kaskazi huingilia wapi, na wa kusi je? Nilijibu yote kwa ufasaha, kama mtahiniwa aliyesoma. Kisha akauliza:

"Na usiku, Mwalimu, mama huendaje chooni?"

Nikasema, "Huenda tu."

Hakuandika neno. Aliomba ruhusa azungumze na mama mwenyewe, na wakakaa mkekani uwani karibu saa nzima. Mimi nilikuwa barazani na gazeti. Niliwasikia wakicheka, kisha nikawa siwasikii tena.

Mchoro wa kwanza ulipoletwa, sebule yangu haikuwamo. Binti alinieleza kwamba ukumbi ule nilioutaka kuufunga ndio pua ya nyumba. Mlango wa mbele na wa nyuma ikifunguliwa, upepo hupita katikati na kuvuta joto la vyumba vya pande zote mbili. Aliyebuni umbo hili zamani, akasema, hakuwa na feni, kwa hiyo alilazimika kufikiri. Hilo nililipenda, maana lilimsifu baba yangu. Chumba cha mwisho upande wa kushoto kilikuwa kimegeuzwa kuwa choo na bafu, mlango wake sentimita 90, na sakafu yake sawa na ya ukumbi, pasipo kizingiti. Hilo nalo nililikubali. Lakini mbele, juu ya baraza yangu, palikuwa na mstari mrefu nisioufahamu.

Ulikuwa njia ya mteremko. Baraza yetu iko juu ya ardhi kwa sentimita 45. Binti alisema mteremko unaofaa kwa mtu asiye na nguvu, au kwa kiti cha magurudumu, ni ule unaopanda sentimita moja kwa kila sentimita 12 za kwenda. Zidisha mwenyewe, msomaji: ni mita 5 na sentimita 40. Kiwanja kinaishia barabarani, hivyo mteremko haukuwa na pa kulala isipokuwa kandokando ya ukuta wa mbele, ndani ya baraza. Baraza ingebaki chini ya nusu.

"Wa nini huu?" niliuliza.

"Wa mama."

"Mke wangu anatembea."

"Leo, Mwalimu," alisema.

Na hapo, kwa kuwa mke wangu alimruhusu, akaniambia walichozungumza uwani. Mke wangu ana maradhi ya sukari na magoti yake yalikuwa yameanza kumsaliti. Kwa miaka miwili alikuwa ameacha kunywa maji kuanzia alasiri, ili usiku asilazimike kushuka uwani na kutembea gizani hadi choo cha mwisho. Akizidiwa, alitumia ndoo katika chumba cha watoto ambacho hakina mtu, na kuimwaga kabla sijaamka. Mtu wa sukari, asiyekunywa maji, katika joto la Tanga! Na mimi nililala ukuta wa pili.

Usiku ule nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alikuwa akikunja nguo, na hakuacha kukunja. Akasema, "Mwalimu, wewe huuliza maswali ambayo majibu yake unayo." Ndivyo anavyoniita hata yeye, Mwalimu, tangu tulipooana.

Maneno yale nimeyapima mara nyingi, na kila mara yametimia kilo. Mwaka 1971, chuoni, tulifundishwa namna ya kuandika andalio la somo. Upande mmoja unaandika swali utakalowauliza wanafunzi, na upande wa pili jibu unalolitazamia. Ni mbinu nzuri, na sitaki kijana mwalimu asome hapa aitupe. Lakini mtu akiifanya kwa miaka 38, asubuhi hadi mchana, huja siku akarudi nayo nyumbani bila kujua. Humuuliza mkewe "Umelala salama?" na jibu limekwisha kuandikwa upande wa pili. Mke akijibu vingine, huonekana amekosa. Swali la yule binti lilikuwa la aina nyingine. Alipouliza, hakujua. Kwa watu wengi niliowaongoza sikumbuki kama niliwauliza maswali mengi ya namna hiyo. Nilikuwa nikiwatahini tu.

Sasa niseme jambo lililonifanya niandike insha hii, maana hayo ya nyuma yangeweza kuwa hadithi ya mzee aliyejifunza akatengenea, na sivyo ilivyokuwa.

Nilitia sahihi michoro ile. Kadirio la gharama likafanywa, kibali cha ujenzi kikatoka halmashauri, na kazi ikaanza mwaka 2019. Fundi mkuu alikuwa mwanafunzi wangu zamani. Lenta zilizooza zilitolewa, nondo mpya zikafungwa, zege likamwagwa kwa mchanga wa mtoni. Choo cha ndani kikasimama, na siku maji yalipofunguliwa mke wangu aliingia, akafunga mlango, akakaa humo muda mrefu kuliko haja. Kisha binti akasafiri kwa majuma mawili kwenye kazi nyingine, na ilikuwa imebaki kazi ya mbele.

Nilimwita fundi nikamwambia mteremko tuuache. Ajenge vidaraja vitatu vya terazo katikati, na baraza ibaki nzima kama zamani. Nilikuwa na sababu zangu, na hata leo sizioni kuwa za kipuuzi. Mwalimu mstaafu hana ofisi. Baraza ndiyo ofisi yake, ndipo wazee wenzangu hukaa, ndipo bao huchezwa na kahawa hunywewa, na ndipo wanafunzi wa zamani hunikuta. Ukinipunguzia baraza umenipunguzia siku. Tena niliona nyumba itafanana na zahanati. Na nilijiambia kwamba choo nimetoa, basi baraza nibakize, kana kwamba haki ya mtu hulipwa kwa mafungu, ukishalipa fungu kubwa unasamehewa dogo.

Fundi aliutazama mchoro uliotundikwa kwenye msumari ukutani. Aliitazama pima maji yake. Akasema, "Sawa, Mwalimu."

Binti aliporudi alisimama mbele ya vile vidaraja kitambo. Alimuuliza fundi, na fundi akajibu ukweli: "Mwalimu alisema." Mimi hakunilaumu. Alisema nyumba ni yangu, ila sehemu ile ya mbele si mchoro wake tena, na atachora kama ilivyojengwa. Kisha akauliza, "Mama anajua?"

Nikajibu, "Si anaona?"

Msomaji, nimepata kusema uongo katika maisha yangu, nao nimeusahau mwingi. Sentensi ile haikuwa uongo, na ndiyo nisiyoisahau. Mke wangu kweli aliona. Aliona kama mpita njia alivyoona. Siku ya kwanza alivishuka akiwa ameshika ukuta, akasema, "Vizuri. Mvua ikinyesha haviteleziki?" Basi.

Mwaka 2021 alikwenda harusini Muheza, akaanguka, akavunjika nyonga. Alipasuliwa, akakaa hospitali, akarudishwa nyumbani katika kiti cha magurudumu. Gari lilipofika mbele ya nyumba, tulisimama sote tukivitazama vile vidaraja vya terazo. Wazee wanne waliacha bao. Walimnyanyua na kiti chake, mmoja kila pembe, wakihema, na mmoja wao, kwa nia njema kabisa, akatia mzaha juu ya uzito. Mke wangu alijifunika kanga usoni mpaka alipoingizwa ndani. Kila siku ya kwenda kliniki ilikuwa hivyo, kutoka na kuingia. Baadaye akaanza kusema hajisikii kwenda.

Vidaraja havikumwangusha. Hoja hiyo niliishikilia kwa majuma mengi, ingawa hakuna aliyenishitaki. Alianguka Muheza, nami sikujenga Muheza. Na je, asingeanguka? Tungeishi miaka yetu iliyobaki, vidaraja vikipendeza, na hakuna ambaye angeona kosa. Hapo ndipo nilipokwama kama mtu anayesahihisha karatasi. Katika hesabu tulikuwa tukitoa alama kwa njia, si kwa jibu peke yake. Mtoto anayepata jibu sahihi kwa kuchungulia kwa jirani hajapata, na mwalimu akijua humkata. Nilitaka nihukumiwe kwa jibu. Kwa njia, kosa langu lilikuwa limekamilika siku ile fundi aliposema sawa, kabla mfupa wowote haujavunjika. Kuanguka kwake kulilifanya lionekane tu, kama maji yanavyoonyesha sakafu iliyolala upande.

Nalo lilikuwa kosa gani hasa? Si kwamba nilibadili mchoro. Michoro hubadilishwa, na hakuna msanifu asiyekosea. Binti huyu huyu alikuwa amelihamisha jiko lote ndani, na mke wangu akakataa, akasema samaki wa kukaanga si wa kulala nao chumba kimoja. Binti akafuta na kuchora upya, jiko likabaki uwani chini ya bati jipya. Huko kulikuwa kubadili. Walikuwapo wote, karatasi ikiwa katikati yao, na kila mmoja aliweza kusema la. Mimi nilibadili asipokuwapo aliyechora, na bila kumwambia aliyechorewa, nikamtumia mtu ambaye nilijua hawezi kunikatalia. Mchoro uliokwisha kutiwa sahihi ni ahadi, na zaidi ya hayo ni mahali pekee ambapo mtu asiye na sauti katika nyumba anaweza kuwa na mita 5 na sentimita 40 zake.

Nimesoma kwamba Mrumi Vitruvius, aliyeandika juu ya ujenzi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alitaka jengo liwe na mambo matatu: uimara, manufaa na uzuri. Sina ugomvi naye. Vidaraja vyangu vilikuwa imara, vilikuwa vizuri, na vilikuwa na manufaa, kwangu. Neno manufaa likitajwa bila kuulizwa ya nani, hulala upande wa aliyesimama karibu na fundi. Nami hati iliyo kabatini nilikuwa nimeisoma kana kwamba inajibu swali hilo. Hati husema nani anaweza kuiuza nyumba. Haisemi nani hukaa na kiu toka alasiri.

Nilimwita fundi mwezi wa Julai mwaka ule. Alivunja vidaraja kwa nyundo, akafunga nondo, akamwaga zege la mteremko kama mchoro ulivyosema tangu mwanzo, na uso wake akaukwaruza kwa ufagio ili usiteleze. Kazi yote, na kusubiri kukauka, haikuzidi majuma mawili. Tulipokuwa tukinywa chai akaniambia, "Mwalimu, siku ile nilijua tunakosea."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama kama aliyeulizwa jambo la ajabu. "Nikwambie mimi?"

Nilimfundisha darasa la tatu na la nne. Sikumbuki kama nilipata kumchapa. Nilimuuliza, akacheka, akasema yeye anakumbuka, tena anakumbuka na siku, lakini hakutaka kunieleza ilikuwa kwa kosa gani. Fundi ana sehemu yake katika lawama hii, sitaki kumwondolea, maana mtu mzima mwenye ujuzi hawezi kujificha nyuma ya amri. Ila mimi ndiye niliyemfunza kusema sawa kabla ya kufikiri, nikampa na vema kwenye daftari. Wake zetu huvaa kanga zilizoandikwa kwamba heshima si utumwa. Mimi nilikuwa nikizisoma kama mapambo.

Baraza sasa inatosha watu wanne na ubao wa bao. Mzee mmoja amehamia baraza ya jirani, anasema kwetu pamebana, na ni kweli pamebana. Watoto wa mtaa hushuka mteremko kwa matairi yao jioni, nami huwakemea, nao hawanisikii. Mchoro wa pili, ule wenye vidaraja, binti alioandika tarehe na kunikabidhi, ninao bado, kabati moja na hati.

Mke wangu aliacha kiti cha magurudumu baada ya miezi minane. Hutembea kwa mkongojo, pole pole, na karibu kila siku jua likipoa huteremka peke yake mpaka kona ya barabara, kwa mama mmoja anayekaanga mihogo, hukaa naye kwenye kigoda na kurudi taa zikiwashwa. Hurudi na mihogo ya watu wawili, iliyokwisha kunyunyizwa chumvi na pilipili. Juzi nilimuuliza kama hupenda pilipili nyingi au kidogo. Alinitazama kwa muda, kisha akasema hajawahi kuipenda hata siku moja. Mwenye kuipenda ni mimi.